Kipoza Oili cha Gari la Seif

Jumatatu, 7 Oktoba

Kama mimi nisingezaliwa, magari ya Kilosa yangekuwa yanavutwa na ng'ombe mpaka leo. Hilo linajulikana kuanzia relini mpaka Kilangali.

Nimeamka, nimeswali, nimekunywa chai na mihogo, nimekwenda karakana kwa Seif kukagua kazi. Kila siku nakagua. Seif ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Mwanaisha, mtu mzima sasa, fundi wa kuchomelea. Karakana yenyewe ni mabati manne na mwarobaini mmoja. Lakini ndani yake kuna kitu ambacho hata Morogoro mjini hawana.

Gari la mbio. Viti viwili. Kaliunda mwenyewe miaka mitano, bomba la mraba juu ya bomba la mraba, bodi kaigonga kutoka kwenye mapipa. Limelala chini kama mbwa mwenye joto. Injini ya Kijapani yenye tabo, ile feni inayoisukumia hewa ipate nguvu, ilitoka kwenye gari lililopinduka njia ya Doma. Rangi nyekundu. Mimi ndiye niliyesema nyekundu.

Tarehe 19 linakwenda Mikumi. Kule kuna tajiri wa hoteli ya watalii. Kamwambia Seif: lilete kwa magurudumu yake, lipande mlima lifike, nami nakujengea karakana ya kweli hapa, yenye umeme na sakafu. Lisipofika sitaki hadithi.

Leo Seif kaniuliza tufunge kipoza oili au tusifunge. Nikamwambia nitafikiri. Mtu mkubwa hajibu papo hapo.

Jumanne, 8 Oktoba

Joto. Mvua bado. Kuku wanahema.

Kipoza oili ni kirejeta kidogo. Oili inatoka kwenye injini, inapita mle inapigwa upepo, inarudi imepoa. Seif anasema tabo inapika oili, na oili ikichemka inakuwa nyepesi kama maji, vyuma vinasagana. Nilikuwa nayajua yote hayo, nilimwacha aseme ili ajifunze kueleza.

Nikampa mfano. Zama zangu za malori nilipanda milima ya Vidunda na shehena ya mahindi, rejeta imetoboka, maji hakuna. Nikajaza togwa. Lori likafika juu linanguruma kama simba, na togwa tukainywa ikiwa ya moto. Kipoza oili cha nini?

Seif akacheka mpaka akaweka nyundo chini. "Mjomba, lori lako lilikuwa linatembea. Hili linakimbia."

Kipoza anacho tayari. Kakitoa kwenye mashine mbovu ya kuvuna mpunga kule Kilangali, kakiosha na mafuta ya taa kinang'aa. Saizi yake haipatikani, Morogoro kazunguka duka zote kapewa vya malori tu. Nimekubali kifungwe. Kwa kweli wazo lilikuwa langu tangu mwanzo.

Jioni mke wangu kanisema kwamba mchele niliochagua nimeacha mawe. Ati ninunue miwani. Macho yangu ni ya kipanga. Simu naisoma kwa kunyoosha mkono kwa sababu waliotengeneza simu wameandika vidogo.

Jumatano, 9 Oktoba

Kipoza kimetekwa.

Seif alikwenda kutafuta paipu za kukiungia. Nikabaki mlinzi. Nilifumba macho kidogo kwa kufikiri. Kufumbua, mezani hakuna kitu. Majirani wanacheka.

Ni Ndahani. Yeye Mgogo, mimi Mkaguru, mtani wangu, anaziba pancha pale stendi. Kaingia kwa kunyata, kabeba, kaondoka anaimba. Sasa kakining'iniza kwa waya juu ya kibanda chake, kila anayeshuka basi anakiona.

Siwezi kukasirika. Kwa mtani hakuna kukasirika. Mwaka jana kwenye msiba wa mama yake nililala ndani ya kaburi, nikagoma kutoka mpaka anipe mbuzi. Watu walicheka huku wanalia. Alinipa mbuzi. Sasa analipiza, ni haki yake. Mila inataka nimpelekee jogoo nikikomboe kitu changu. Jogoo ninaye.

Ijumaa, 11 Oktoba

Jogoo peke yake hataki.

Baada ya swala nimepita stendi kwa mbali kama mtu mwenye safari zake. Kaniona. Akapiga kelele mbele ya abiria wote: "Wewe Kaguru la mihogo! Njoo na jogoo kichwani, kutoka relini mpaka hapa, kwa miguu! Ukifika upige goti useme Wagogo ni mabwana zangu!"

Wauza korosho wakacheka. Wauza maji wakacheka. Kondakta mmoja alicheka akaangusha tiketi.

Nikamjibu: "Mimi nimpigie goti mziba pancha? Nimepeana mkono na wazungu mimi!" Akasema basi kaombe kipoza kwa wazungu.

Mtu mwingine angefanya, yaishe, watu wacheke, jogoo aliwe. Ndiyo utani. Lakini asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimewaambia wazee kwenye kahawa kwamba ukoo wetu ni wa kichifu, haujawahi kuinama kwa mtu. Sasa nipite mbele yao na jogoo kichwani?

Nimefika karakana nikamwambia Seif nimefikiri sana kitaalamu. Gari hili halihitaji kipoza oili.

Jumamosi, 12 Oktoba

Seif kanipa mgongo. Anapiga msasa tu.

Mchana alikwenda kwa Ndahani bila kuniambia. Kamwamkia shikamoo, kamwomba. Ndahani kamjibu vizuri: mwanangu, sikukiteka kwako, nimekiteka kwa mjomba wako, mwambie aje tucheke yaishe. Amerudi ananibembeleza. Mjomba, ni dakika kumi tu. Nikamwambia akikanyaga tena pale stendi kwa jambo hilo atakuwa amenivua nguo mbele ya mji. Akainamisha kichwa. Ana adabu, mama yake kamlea.

Kisha akasema: "Basi tupime, mjomba."

Nikasema tupime. Sayansi siiogopi.

Jumapili, 13 Oktoba

Kafunga geji ya joto la oili. Waya wake mfupi, kwa hiyo kaibandika kwa gundi ya karatasi chini upande wa abiria, karibu na magoti. Dereva haioni. Abiria ndiye wa kuisoma. Abiria ni mimi.

Masharti yake: tukipanda mlima kwa kasi ya siku yenyewe, geji ikabaki chini ya mia na kumi, tunaenda bila kipoza. Ikigusa mia na ishirini, kipoza ni lazima na safari inaahirishwa. Ikipita hapo, nimwambie azime injini hapohapo.

Karudia mara nyingi kama anayemfundisha mtoto. Nimekereka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Barabara haina malori mengi. Tumepima.

Nimevaa kofia ngumu na koti la ngozi la marehemu shemeji. Watu walijipanga kuanzia sokoni. Nikapunga mkono kama kiongozi. Gari lina mlio wa kitu kinachopasua turubai. Tulipita kijiji cha Ulaya kama upepo, mbuzi wakaruka, mama mmoja akajitupa na ndoo yake. Ile raha sijapata kuiona, na mimi raha nimeziona nyingi.

Tukafika kwenye mwinuko. Seif akakanyaga. Vumbi, mtikisiko, meno yanagongana. Joto linapanda kutoka miguuni.

"Ngapi, mjomba?"

"Tisini!"

"Sasa hivi?"

"Tisini!"

Juu kabisa akauliza tena. Nikatangaza tisini.

Akapiga usukani kwa furaha, akacheka kama alipokuwa mdogo nikimrusha juu. Imekwisha. Kipoza hakihitajiki, nilisema mimi. Tulivyorudi nilisimama stendi, nikamwambia Ndahani akae nacho, akifanye chujio la chai.

Hakujibu utani. Aliniuliza tu kama nina hakika. Nikamtukana, kiutani.

Jumanne, 15 Oktoba

Usingizi haukuja vizuri. Joto.

Seif kachomoa stiki ya oili asubuhi. Kanusa. Kanipa na mimi ninuse. Inanuka kama maharage yaliyoungulia. Nyeusi.

"Mjomba, ulisema tisini?"

"Tisini."

"Juu kabisa?"

Nikamuuliza kama ananiita mwongo. Akasema hapana, samahani. Kabadilisha oili, kaweka mpya. Geji kaibandua, kaiweka rafuni, maana Jumamosi anakwenda peke yake na hakutakuwa na mtu wa kuisoma.

Mimi Jumamosi natangulia kwa basi la asubuhi kumwandaa tajiri. Mgeni mkubwa hupokewa na mtu mkubwa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Dada Mwanaisha kasoma dua ya gari. Ubani, tende, watu wachache. Alizunguka gari akiligusa kila mahali kama anampima joto mgonjwa.

Baadaye alinivuta kando ya jiko. Yeye ni mkubwa wangu, sina ujanja kwake. Kaniuliza, mdogo wangu, hiki kitu cha oili ambacho Seif alikuwa analia nacho, umehakikisha? Huyu ndiye niliyebaki naye.

Nikamwambia dada, nimepima mwenyewe, kwa macho yangu.

Akasema haya.

Niliondoka bila kula pilau. Nilipita stendi usiku wa isha, kibanda kimefungwa, kipoza bado kinaning'inia. Jogoo wangu yupo nyumbani. Pale hapakuwa na mtu hata mmoja wa kucheka. Nilisimama kidogo. Nikaenda kulala.

Jumamosi, 19 Oktoba

Limeungua.

Seif yuko hospitali Mikumi. Yu hai.

Siandiki zaidi.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimerudi Kilosa kuchukua shuka na nguo za dada. Naandika kwa sababu nyumba iko kimya na mke wangu haniangalii.

Saa nne nilikuwa barazani hotelini na tajiri, napewa juisi. Nilikuwa namsimulia lile lori na togwa. Alikuwa anacheka. Nilikuwa nimefika pale lori linaponguruma kama simba. Ikaja bodaboda. Kijana anauliza nani ndugu wa mtu wa gari jekundu.

Nikasema mimi. Niliinuka na glasi mkononi. Nimekwenda nayo mpaka kwenye tukio, sijui kwa nini. Nilikuwa nimeishika nyuma ya bodaboda njia nzima.

Ilikuwa kwenye ule mwinuko. Wachoma mkaa waliokuwepo wamesema hivi: gari lilikuja kwa kasi, zuri, wakalishangilia. Katikati ya mlima likaanza kugonga, kama mtu anapiga mlango kwa nyundo. Kisha mlipuko. Chuma kilitoboa ubavu wa injini, oili ikamwagika juu ya tabo iliyokuwa nyekundu kwa moto. Ikawaka.

Seif alitoka. Alikuwa nje kabisa, mzima, hana hata mkwaruzo. Kisha akarudi. Alishika boneti kwa mikono mitupu aiinue, amwagie mchanga injini yake. Walimvuta mara mbili. Mara mbili alirudi.

Nilikuta bomba la mraba juu ya bomba la mraba, jeusi. Nyekundu ilibaki mahali pamoja tu, nyuma, ukubwa wa kiganja.

Jumanne, 22 Oktoba

Mikumi tena. Wodini kunanuka dawa na uji.

Mikono yote imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, imekuwa minene kama mikate. Daktari kasema wa kushoto utarudi. Wa kulia, vidole viwili havitakunja tena, na ngozi itachukua muda mrefu. Nikamuuliza ataweza kuchomelea? Kasema tumshukuru Mungu kwanza.

Dada anamlisha uji kwa kijiko. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, maana mila ni mila, lakini hakugeuza shingo.

Tajiri alikuja jana. Kaleta maji ya chupa. Kasema pole sana, akatazama saa. Mambo ya karakana hakuyagusa. Alishasema hataki hadithi.

Dada alipotoka kwenda kuosha bakuli, Seif kafumbua macho. Nikajua sasa. Nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa.

Akasema, "Mjomba, nadhani geji ilikuwa mbovu. Nilinunua mtumba. Nilikosea, ningenunua mpya."

Nikasema ndiyo, mitumba siku hizi haiaminiki.

Nimesema hivyo. Mdomo wangu huu. Kisha nikasimulia wodi nzima jinsi nilivyowahi kuzima moto wa tangi la mafuta kwa blanketi moja. Mzee wa kitanda cha pili alicheka. Seif alijitahidi kucheka, midomo imempasuka.

Alhamisi, 24 Oktoba

Ndahani kaja nyumbani.

Nilimwona kwa mbali na kiroba begani. Nikajiandaa. Mtani ukifiwa anakuja kukucheka, ukiunguliwa nyumba anakuja kuota moto. Ndiyo kazi yake, anakucheka mpaka unapata nguvu ya kusimama. Nilikuwa namsubiri kwa hamu. Nilikuwa nimeshatayarisha na jibu.

Alivua viatu mlangoni. Alitoa kipoza kwenye kiroba. Kakisafisha, kakifunga kwenye kanga ya mkewe, akakiweka mkekani mbele yangu kwa mikono miwili.

Akasema, "Pole, kaka."

Miaka yote hajapata kuniita kaka. Ameniita Kaguru, mwizi, mtumwa, tumbo la mihogo. Kaka hapana.

Nikamwambia, mbona husemi kitu? Sema basi. Niite chochote.

Akasema angejua gari la Seif litaungua bila hicho angekileta mwenyewe usiku uleule, na jogoo juu. Alidhani nitakuja. Kila siku alidhani leo nakuja. Alikuwa hata kamwambia mkewe aandae wali.

Nikamtuma mke wangu amkamate yule jogoo. Nikampa. Alikataa. Akavaa viatu akaondoka, nami nimebaki na jogoo mmoja na kipoza kimoja.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua ya kwanza. Fupi. Imetuliza vumbi.

Asubuhi nimekwenda sokoni, kwa yule anayetandika vitana na betri chini. Nimejaribu miwani ya kusomea kwa kujificha nyuma ya mabanda ya mitumba. Fremu ya kike, ina maua pembeni. Ndiyo pekee iliyonifaa. Sikubishana.

Kisha nimekwenda karakana. Nimefagia. Mashine ya kuchomelea nimeifunika na gunia. Panya wameanza kuingia. Mwarobaini umetupa majani kila mahali, hakukuwa na mtu wa kufagia.

Geji ipo palepale rafuni alipoiweka. Nimepuliza vumbi. Nimeishika kwa umbali ule ule wa siku ile, kutoka machoni mpaka magotini, kwanza bila miwani. Kisha nikavaa.

Imeandikwa hamsini. Imeandikwa mia. Imeandikwa mia na hamsini. Tisini haikuandikwa mahali popote, kuna vistari vidogo tu. Mshale ni mwembamba, mwekundu.

Mwekundu. Leo ndiyo nimejua rangi yake.

Siku ile mlimani niliona kiduara cheupe, basi. Mshale sikuuona.